Maji ya asali pale Cheyo: nilichokula, nilichokunywa na nilichokisoma ukutani

Tangu mwaka jana natafuta mahali pa kukaa na kaka yangu Jumapili jioni hapa Tabora mjini; mahali pa kula, kupiga soga na kurudi nyumbani bila chupa kuwekwa mezani. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kutembea na mtu aliyeacha pombe. Penye nyama choma pana bia. Penye mpira kwenye runinga pana bia. Hata kwenye sherehe za watu wa kanisani, ukizunguka nyuma penye mapipa ya maji utakuta ndoo ya wanzuki, pombe ya asali, imefunikwa kanga, na wanaume watatu wamesimama karibu nayo kama walinzi.

Kaka ana miaka 56. Ana miezi 14 hajagusa kitu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na za kwaya, na sebule yangu imejaa vitambaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo tukitaka kukaa, tunatoka.

Mgahawa ninaouandikia hauna kibao. Uko Cheyo, ndani ndani, ukumbi mdogo wa matofali wenye mwembe mbele yake. Mwambie bodaboda akupeleke kwa mama wa maji ya asali, atakufikisha. Nimekwenda mara sita kati ya Septemba na Desemba, mara zote nimelipa mwenyewe, na mara moja nimeondoka na hasira. Nitaeleza.

Chakula kwanza. Ugali wa dona na mgebuka, samaki mkavu wa Kigoma, ni shilingi 4,000, na mgebuka wake umelowekwa vya kutosha, hauna ile chumvi ya kukata ulimi. Kuku wa kienyeji ni 6,000. Anachemshwa na vitunguu na tangawizi mpaka nyama inaachia mfupa, kisha anapitishwa kwenye mafuta kidogo. Mboga ni nsansa, majani yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, nzito, ya rangi ya udongo, kama ya vijijini kwetu. Novemba mvua zilipoanza kulikuwa na uyoga wa porini kwa siku chache, nikala nikakumbuka utoto. Wali wake sikuupenda: unakauka juu na kushikana chini, na ukifika baada ya saa tisa unapewa ukoko. Wahudumu ni wasichana wawili, wapole lakini wazito. Usiende ukiwa na safari ya treni.

Ila watu hawaendi pale kwa sababu ya kuku. Wanafuata maji ya asali, glasi 1,000. Asali ni ya misitu ya miombo, ile nyeusi kidogo yenye harufu ya moshi wa mbali, inaletwa na madumu kutoka Sikonge. Inatiwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, inakamuliwa ndimu, inawekwa tangawizi iliyotwangwa na kuchujwa, halafu inaingia kwenye friji. Unaletewa glasi ndefu inayotoa jasho. Unapokunywa, ndimu inafika kwanza, tangawizi inakuja nyuma kooni, na asali inabaki mdomoni wakati glasi iko tupu. Siku ya kwanza kaka aliimaliza glasi yake bila kusema neno. Nikakumbuka swali la watu wa Timna walipotegua kitendawili cha Samsoni katika kitabu cha Waamuzi: “Ni kitu gani kilicho tamu kuliko asali?” Samsoni mwenyewe alikuwa mnadhiri, yaani aliyewekwa wakfu kwa Mungu, tangu tumboni. Malaika alimkataza hata mama yake asinywe divai wala kileo wakati wa mimba yake. Asali hakukatazwa.

Sasa kuta. Ukiingia tu, unasomewa. Chini pamepakwa rangi ya mafuta ya bluu, juu nyeupe, na kwenye nyeupe kuna maandiko kwa herufi nyekundu za kiganja kizima. Juu ya mlango: “Mvinyo hudhihaki, kileo huleta ugomvi.” Pembeni ya friji ni Isaya 5:11, ole wao waamkao asubuhi na mapema wapate kufuata kileo. Ukuta wa kushoto una Waefeso 5:18, msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi. Ukuta mkubwa wa mbele umepewa Mithali 23, mstari wa 29 mpaka wa 32, na mchoraji ameongeza nyoka amejizungusha kwenye chupa ya kijani, kwa kuwa andiko linasema mwisho wake huuma kama nyoka na huchoma kama fira. Watoto wanaoletwa pale wanampenda yule nyoka, wanamshika macho.

Siku ile ya kwanza kaka alisimama mbele ya ukuta huo kama dakika tano. Alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata: “Ni nani mwenye jeraha zisizo na sababu? Ni nani mwenye macho mekundu?” Alipofika hapo akainua mkono akagusa kovu lililo juu ya nyusi yake ya kulia. Kovu hilo ana miaka tisa nalo na hajui alilipata wapi. Aliamka nalo kwenye mtaro, damu imegandia kwenye kola. Akaniambia, “Mdogo wangu, aliyeandika hapa alinijua.” Nikamwambia sura hiyo haiishii pale ilipoishia rangi. Mstari wa mwisho, ambao mchoraji hakuuweka, unamwonyesha mlevi akisema amepigwa wala hana habari, na akiamka ataitafuta tena. Kaka akarudi kukaa. Aliomba glasi ya pili hapo.

Kwa hiyo sisemi kwamba maandiko ukutani ni mapambo. Yamefanya kazi mbele ya macho yangu. Lakini mimi nimelelewa katika kanisa la Moravian, nimeimba sauti ya pili miaka 30, Biblia naisoma, na kuna jambo kwenye kuta zile lilinisumbua kuanzia ziara ya pili.

Jumapili hiyo meza ya jirani alikaa mwalimu mstaafu, Mkatoliki, mzee wa heshima zake mwenye fimbo. Alimwita mama mwenye mgahawa akamuuliza kwa upole kabisa, “Mama, Kana umeiweka ukuta gani?” Mama akajibu papo hapo, “Ile ilikuwa juisi, Mwalimu.” Kijana mmoja wa Kipentekoste akaitikia Amina kutoka pembeni. Mzee hakubishana. Alikunywa maji yake ya asali akaondoka. Lakini swali lake nililala nalo, maana Kana ndiko Yesu alikogeuza maji kuwa divai harusini.

Nilipofika nyumbani nilifungua Biblia yangu ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo. Yohana 2: “Hawana divai,” anasema mama yake Yesu. Mwanzo 9: Nuhu akanywa divai, akalewa, akawa uchi katika hema yake. Zaburi 104:15: divai imfurahishe mtu moyo wake. Neno ni lile lile moja. Haiwezekani kwa Nuhu iwe pombe kwa sababu alianguka, na kwa Bwana iwe juisi kwa sababu tunamheshimu. Mkuu wa meza pale Kana anasema wazi kwamba desturi ni kuandaa divai njema kwanza, na watu wakiisha kunywa sana ndipo huletwa iliyo dhaifu. Watu hawapotezi uwezo wa kupambanua kwa kunywa juisi nyingi. Na kiasi chenyewe si cha kuficha: mabalasi sita ya mawe, kila moja nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 39, kwa hiyo ni kati ya lita 470 na 700. Kumbukumbu la Torati 14:26 linamruhusu Mwisraeli aliyesafiri na fedha ya zaka anunue ng'ombe, kondoo, mvinyo au kileo, akale na kufurahi mbele za Bwana pamoja na nyumba yake.

Upande wa pili nao umejaa. Makuhani walikatazwa divai na kileo wanapoingia hema ya kukutania. Wanadhiri walijiepusha hata na zabibu mbichi na kavu. Wana wa Rekabu, katika Yeremia 35, waliwekewa vikombe vya divai mbele yao ndani ya nyumba ya Bwana wakakataa kwa sababu ya agizo la baba yao, na Mungu akawasifu kwa utii wao. Yohana Mbatizaji hakunywa. Yesu alikunywa, wakamwita mlafi na mlevi. Paulo anawaweka walevi kwenye orodha ya wasioirithi ufalme, na anawagombeza Wakorintho kwa kuwa kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Askofu asiwe mtu wa kuzoelea ulevi. Wazee wa kike wasitumikishwe na mvinyo.

Na ule mstari ambao kila mlevi wa Tabora anaujua hata kama hajui mwingine, 1 Timotheo 5:23. Kaka alikuwa akinitajia akiwa ameshikilia mlango asianguke: “tumia mvinyo kidogo, kwa ajili ya tumbo lako.” Miaka yote ile sikuwahi kumsomea mwanzo wake: “Tokea sasa usinywe maji tu.” Maana yake Timotheo alikuwa hanywi kabisa. Kijana mwenye tumbo bovu, anayekunywa maji peke yake, anaambiwa na mzee wake atumie kidogo kama dawa. Ni barua ya mtu anayemjua mgonjwa wake kwa jina na kwa ugonjwa.

Ndiyo maana naona kuta za Cheyo zimesema kweli lakini hazijasema yote. Biblia haijaiita divai yenyewe dhambi mahali popote nilipopata. Imeuita ulevi dhambi kila mahali, bila kupepesa. Katikati ya mawili hayo imeacha jambo gumu kuliko marufuku: umtazame aliye mbele yako. Warumi 14:21 ndio ningeupaka rangi nyekundu pale: ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai wala kutenda neno lo lote ambalo kwa hilo ndugu yako hukwazwa. Na ule wa Waefeso mchoraji aliukata njiani. Umeishia kwenye “ufisadi”, nafasi ikamwishia, wakati andiko linaendelea: “bali mjazwe Roho.” Mtu aliyeacha pombe anahitaji nusu hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Ya kwanza anaijua kwa mwili wake.

Niliyaandika haya kwenye karatasi nikampa mama ziara ya tatu. Alinishukuru, akaweka karatasi kwenye mfuko wa aproni. Sikujua kama ataisoma.

Niseme na hili kabla sijasahau: wateja wake karibu nusu ni Waislamu. Wanaswali, wanakuja, wanakaa chini ya Mithali na Isaya, wanakula mgebuka. Baba mmoja mwenye kanzu aliniambia anawaleta wanawe hapo kwa kuwa ana hakika na kilichomo kwenye glasi. Neno hilo, kuwa na hakika na kilichomo kwenye glasi, lilinirudia wiki mbili baadaye.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Tabora inawaka. Alhamisi nilipita kuchukua chakula cha mchana, nikaona pale kaunta ameanza kuuza maji ya asali ya kubeba, kwenye chupa za plastiki za nusu lita, zile za maji ya kunywa zilizooshwa. Shilingi 2,000. Nikanunua mbili kwa ajili ya kaka, maana Jumapili alikuwa anakuja kwangu kunisaidia kubeba mizigo ya sare. Nikaziweka kwenye kabati la chini, penye kivuli. Friji sina.

Jumapili saa nne nilifungua kabati. Chupa moja ilikuwa imelala. Niliisimamisha, ikaanguka tena. Niligeuza chini nikaona kitako kimefura kwa nje kama shavu la mtoto mwenye jino bovu, haina pa kusimamia. Mbavu za plastiki zilikuwa zimenyooka, ngumu kama zimejazwa upepo. Nikashika kizibo nikakizungusha kidogo tu. Kikalia, povu likapanda likanipita vidoleni mpaka kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Sikuhitaji kuonja. Harufu ile nimelala nayo miaka 12. Mama yetu alikuwa mpika wanzuki.

Tulikaa kijiji cha upande wa Sikonge. Mama alinunua masega machafu, yale yenye chavua ambayo wanunuzi wa asali safi wanayakataa, akayakamua kwenye maji ya vuguvugu, akamimina kwenye mapipa ya mti, akayafunika magunia na kuyaweka karibu na moto wa jikoni. Usiku ungesikia pipa linasema peke yake, mlio mdogo mdogo kama mvua ya mbali. Asali ikiwa nzima, bila maji, inakaa miaka haiharibiki. Hamira ndogo ndogo zilizomo ndani yake zimelala kwa kukosa maji. Ukiitia maji tu, zinaamka, zinakula sukari, zinatoa hewa na kileo. Hakuna mtu anayehitaji kuongeza kitu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mapipa hayo, silikani hilo wala simhukumu mama yangu. Lakini aliyekuwa akitumwa kuonja kama imeiva ni kaka. Alianza akiwa na miaka 10, kwa kijiko.

Kwa hiyo nilisimama na chupa ile mkononi, mgahawa usiouza pombe, wenye nyoka ukutani, umeniuzia mwanzo wa wanzuki, nami nilikuwa nusu saa tu kabla ya kumpa kaka. Kileo chake pengine kilikuwa kidogo sana, mtu mwingine angekunywa asigundue. Kwa kaka si suala la kiasi. Ladha ile ndiyo mlango wenyewe. Alipoacha, siku ya tatu mikono ilitetemeka hata kijiko hakikufika mdomoni, akaanza kuona vitu visivyokuwepo, tukamkimbiza hospitali. Daktari alitueleza kwamba mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kupata hata degedege, na kwamba wenye hali kama yake waache wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali. (Mwenye ndugu wa namna hiyo azingatie hilo, maombi yaende pamoja na daktari.) Ametoka mbali. Nilimwaga chupa zote mbili nyuma ya choo, nikafukia kwa udongo, nikafuta meza kwa sabuni mara mbili. Alipofika aliuliza harufu ya nini. Nikamwambia ukweli. Alikaa kimya, kisha akasema, “Umefanya vizuri kuniambia.”

Jumatatu nilikwenda Cheyo na chupa tupu. Hapo ndipo nilikuwa na hasira. Nilimkuta mama anapepeta mchele. Nikamwonyesha kile kitako kilichofura, nikamwambia, “Dada, hii ni wanzuki.” Mwanzoni alikataa, akasema maji anayachemsha. Nikamwambia maji umeyachemsha, lakini asali hukuichemsha, tangawizi mbichi hukuichemsha, chupa umeisuuza tu, na Oktoba hii imekufanyia kazi ya moto wa jikoni. Watu wa Biblia walilijua jambo hili bila kufundishwa shuleni. Bwana anaposema divai mpya haitiwi katika viriba vikuukuu, viriba hupasuka, anazungumzia hewa ile ile iliyofurisha chupa yangu. Kwao shamba la zabibu likishavunwa, juisi isiyochacha ilikuwa kitu cha siku chache. Mmoja wa walioweza kuizuia isichache ikae chupani alikuja karne nyingi baadaye: Thomas Welch, daktari wa meno Mmethodisti kule New Jersey, Marekani, mwaka 1869, aliyetumia njia ya Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, kuchemsha juisi ya zabibu ndani ya chupa, na alifanya hivyo kwa ajili ya meza ya Bwana kanisani kwake. Mchungaji wetu alitusimulia habari hiyo kwenye semina ya wanawake. Sikujua kama ningeitumia kwa mama wa maji ya asali.

Aliacha ungo. Akakaa kwenye benchi, akaniuliza, “Kaka yako alikunywa?” Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, kabla ya fedha, kabla ya jina la mgahawa wake. Nilipomwambia hakunywa, alishusha pumzi, akaanza kunieleza ambayo sikumuuliza. Zamani alikuwa na grosari, mtaa mwingine. Aliuza bia, na aliuza viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, mpaka Serikali ilipozipiga marufuku Machi 2017. Wateja wake wakubwa wa viroba walikuwa vijana wa bodaboda na wanafunzi, kwa sababu pakiti inaingia mfukoni. Mmoja wa vijana wale alifia barabarani, na pakiti ilikuwa ya kwake. Hakuna aliyemshitaki. Alifunga grosari mwenyewe.

Nikamwambia basi andiko lako ni Habakuki 2:15, na ulipaswa kuliweka juu ya kaunta: “Ole wake yeye ampaye jirani yake kileo.” Najua, na mchungaji amenifafanulia, nabii pale anasema juu ya taifa la Wakaldayo na ukatili wao kwa mataifa, ni mfano. Lakini mfano haungefaa kama jambo lenyewe halikuwa ovu. Mlevi ameandikiwa mistari mingi. Huu ni wa anayemimina.

Mama alinyanyuka, akafungua friji, akanionyesha upande wa ndani wa mlango. Pale penye sehemu ya mayai amebandika karatasi ya daftari iliyofunikwa kwa selotepu, imeanza kujikunja kwa unyevu, imeandikwa kwa kalamu ya wino mstari ule ule. “Kuta ni za wateja,” akaniambia. “Huu ni wangu.”

Alinirudishia shilingi 4,000 bila kuombwa. Sikuzikataa.

Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo. Chupa za kubeba bado zipo, lakini sasa asali, tangawizi na maji vinapashwa pamoja jikoni, chupa ni za kioo zinazochemshwa kwenye sufuria, na kila moja ina kipande cha plasta chenye tarehe kwa kalamu. Zinatoka kwenye friji tu, na ikifika siku ya pili haziuzwi. Umeme ukikatika zaidi ya nusu siku anamwaga. Nilimkuta anamwaga Desemba, ndoo nzima, na asali si rahisi. Glasi bado ni 1,000, chupa imepanda hadi 2,500 kwa sababu ya kioo, ukirudisha unapewa 500. Nawashauri hata hivyo mnywe pale pale. Mwenye mgonjwa kama wangu asiiweke kabatini hata kwa saa chache.

Mchoraji naye alirudi. Chini ya Waefeso, kwa herufi ndogo zaidi na wekundu usiolingana, imeongezwa “bali mjazwe Roho”. Kana haipo. Nilimuuliza, akasema akiiweka, wapo watakaoisoma wakiwa na kiu isiyo ya maji. Nimemwelewa, ingawa mwalimu mstaafu hakumwelewa na amehamia meza ya nje, chini ya mwembe, ambako anasema haoni ukuta wowote. Wamebaki marafiki. Anampelekea maembe.

Kwa yule atakayekwenda: Jumapili wanafungua saa saba mchana ibada zikiisha, siku nyingine saa tano, na saa mbili usiku wanafunga. Hakuna malipo ya kadi, ni fedha taslimu au simu. Choo ni kisafi lakini kiko mbali, uani, na taa haiwaki, nenda na tochi. Agiza mgebuka, acha wali. Ukikaa meza ya karibu na friji utasikia baridi miguuni kila linapofunguliwa. Kaka ameichagua hiyo, na Jumapili iliyopita alikwenda mwenyewe, mimi nikiwa na sare za Krismasi za watu, akanipigia simu kuniuliza kama aniletee kuku au mgebuka.